Uwanja kwa Kipimo cha Wageni

Watu wakiniuliza siku hizi kama bado nacheza gofu, huwa naangalia kwanza kama wana haraka, kwa sababu jibu langu si fupi na wala halina adabu. Mimi ni mwanamke wa kushona sare za shule. Nina duka mjini Nyeri, na nyumba yetu iko upande wa Chaka, kule ambako upepo wa mlima haumwonei mtu huruma. Kwenye gofu niliingizwa na mume wangu. Mwanzoni sikuipenda, nikaizoea, nikaipenda kimyakimya, na sasa kuna bwawa moja la maji ya matope ambalo nikilitaja tu presha inapanda.

Wacha nianze na huyo mume wangu, Mzee. Alikuwa meneja wa kiwanda cha kahawa upande wa Kianyaga, mtu wa maneno mengi, wa kubishana na wakulima kutwa nzima na kurudi nyumbani akiwa bado na pumzi ya kubishana na mimi. Alipostaafu alicheza gofu kila siku ambayo mvua ilimruhusu. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu wa kulia ukawa wa kuburutwa, na maneno yakamkauka. Si kwamba alishindwa kabisa. Yalikuja, lakini kwa shida, moja leo moja kesho, na yeye ambaye hakuzoea kuyangoja maneno aliona heri anyamaze.

Daktari akasema atembee. Kila siku, kadiri anavyoweza. Basi daktari yule ni mtu wa mjini. Hajui kwamba kwetu mtu mzima hatembei barabarani bila kwenda mahali. Ukionekana unatembea mikono mitupu, kila unayekutana naye atakuuliza unaenda wapi, na ukijibu huendi popote, kufika jioni watu wa kanisa wamekuja kukuombea. Mzee alijaribu siku chache. Majirani walisimamisha magari wampe lifti. Waendesha bodaboda wakampigia honi. Mama mmoja akamkabidhi kuku amfikishie dada yake sokoni, kwa kuwa ameona anaelekea huko. Alirudi nyumbani na kuku yule kwapani, akaketi, akasema, "Basi," na barabarani hakutoka tena. Kuku nilimpeleka mimi.

Gofu ndiyo iliyomwokoa. Uwanjani mtu anatembea kwa sababu mpira wake uko mbele, na hakuna anayemuuliza swali. Alijifunza kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Mpira haukuruka. Ulibingirika chini kwenye nyasi, ukaenda kidogo, ukasimama, akaufuata, akaupiga tena. Na kila alipoukosa aliutukana. Ngai, matusi yale! Alianza na neno moja, kisha mawili, na tukifika shimo la tano anatoa sentensi nzima yenye kichwa na miguu. Tukifika la tisa ananifundisha jinsi ya kushika fimbo, mimi mwenye mikono miwili mizima. Nyumbani alikuwa bubu, na uwanjani alikuwa yule yule mume wangu wa kabla ya kiharusi. Kwa hiyo kwangu mimi uwanja ule haukuwa mchezo. Ulikuwa mahali pekee palipobaki ambapo mwanaume niliyeolewa naye alikuwa akiniongelesha.

Klabu yetu ni ndogo, mashimo tisa tu, kati ya mji wa Nyeri na Chaka. Uwanja ulichorwa zamani na watu ambao hawakuwa na mashine za kuhamisha milima, kwa hiyo waliiacha ardhi ilivyo. Mbele ya kila grini, yaani pale ambapo nyasi hukatwa fupi kabisa kuzunguka shimo, palikuwa wazi. Aliyejaliwa nguvu aliurusha mpira juu ukatua karibu na kibendera. Asiyejaliwa aliubingirisha. Wote wawili walifika, mmoja mapema na mwingine baadaye, na wote walikunywa chai moja. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na akili katika uchoraji ule mpaka ulipoharibiwa.

Kisha tukapata mwenyekiti mpya. Ni mtu wa kuuza mbegu na dawa za mifugo, na kama jirani sina neno naye. Ng'ombe wangu akivimba tumbo, mimi nampigia yeye simu kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini mwenyekiti huyu alialikwa Nairobi kutazama mashindano ya wachezaji wa kulipwa, wale ambao gofu ndiyo kazi yao, akarudi kama mtu aliyerogwa. Hakuwa na lingine mdomoni. Nasi tulete mashindano. Nasi tuonekane. Kamati ikamwita msanifu wa viwanja, kijana wa viatu vyeupe, ambaye alirusha kamera yake angani ikazunguka mashimo yote tisa huku kondoo wa majirani wakikimbia huku na huku. Alishinda siku nzima pale. Hakumuuliza hata mtu mmoja jinsi anavyocheza.

Kwenye mkutano mkuu alituonyesha picha ukutani. Alisema uwanja wetu umelala. Mwendo wa kufikia kila shimo urefushwe, mashimo ya mchanga yachimbwe pale mipira inapoangukia, na nyasi za pembeni ziachwe zirefuke. Na kilele cha yote, mbele ya grini ya tisa lichimbwe bwawa, kutoka ua wa huku mpaka ua wa kule, lenye kidaraja cha mbao cha ngazi ili watu wapige picha.

"Kila uwanja mkubwa uko na shimo moja ambalo watu wanaenda nyumbani wakiliongelea," alisema.

Nikasimama. Mzee alikuwa kando yangu akitazama picha zile bila kupepesa.

"Mimi nashona sare," nikasema. "Mwalimu mkuu akiniletea kazi ya shule nzima, siwezi kumpima kijana mmoja mrefu wa mpira wa kikapu halafu nishone suruali zote kwa kipimo chake. Wengine watakanyaga pindo waanguke. Hao wageni wa mashindano watakuja siku mbili. Sisi tutavaa hii suruali mwaka mzima."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda. Msanifu akatabasamu. Akaniambia kwa upole kwamba kina mama na wazee watawekewa mahali pa kuanzia mbele zaidi, karibu na bwawa, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi.

"Hata ukiniweka ukingoni, bwawa liko palepale," nikamwambia. "Mpira unaobingirika hauulizwi umeanzia wapi. Utaingia tu majini."

"Lakini Mama," mwenyekiti akaingilia, "uwanja ngumu ndio unafanya mchezaji anakuwa mzuri. Hata wewe utaimprove!"

Mimi, mwanamke niliyekula chumvi nyingi, ati niimprove. Zikapigwa kura kwa kuinua mikono. Nikageuka kuhesabu marafiki, na mkono wa kwanza niliouona juu, juu kabisa, mkono wa kushoto, ulikuwa wa mume wangu. Alikuwa akiunga mkono bwawa.

Nilingoja tufike kwenye gari. Kisha nilisema yote. Nilimuuliza kama kiharusi kile kilikula na akili. Nilimuuliza mpira wake utavukaje, kwa kuogelea? Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akiwasubiri wakulima wake, halafu akatafuta maneno yake polepole.

"Nataka... kuwaona," akasema. "Wanaopiga vizuri."

Sasa utamfanya nini mtu kama huyo? Niliwasha gari.

Mashine zikaja zikachimba. Udongo mwekundu ukarundikwa, grini zikainuliwa kama viti vya wazee wa kanisa, maji yakavutwa kutoka mtoni. Lakini kilichonimaliza mimi kwa hasira na kwa kicheko ni zile nyasi za pembeni. Msanifu aliagiza zikue mpaka gotini, ili anayepotosha mpira aadhibiwe. Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi. Eneo letu zima la Kieni lilikuwa kavu, ng'ombe wamebaki mbavu. Na katika klabu yetu hakuna mtu, awe wakili, awe daktari wa meno, ambaye hana ng'ombe wa maziwa nyumbani, amefungiwa bandani, anangoja aletewe majani. Halafu mtu kama huyo umwambie apite kando ya nyasi mbichi za gotini, zinazonyunyiziwa maji, aziangalie tu, ati ni za adhabu. Jameni! Adhabu ya nani?

Wiki ya mashindano ilipofika, pembeni mwa uwanja palikuwa pamenyolewa upara. Mwenyekiti akaitisha kikao cha dharura akauliza ni nani. Mhazini alikuwa na mbegu za majani zimeng'ang'ania kwenye soksi. Pikapu ya mwenyekiti mwenyewe ilikuwa nje, turubai limefungwa vizuri, na chini ya turubai kunanukia shamba zima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mimi nilikata, ndiyo, kwa panga langu na mchana kweupe, na sijutii hata gunia moja. Ng'ombe wangu hajawahi kutoa maziwa kama ya wiki ile.

Wachezaji wa kulipwa wakaja, vijana wazuri, wenye heshima. Mzee aliamka mapema akavaa koti lake la harusi za watu. Nilimwekea kiti cha plastiki karibu na bwawa, akakaa pale siku zote mbili na hakutaka hata kwenda kula. Nitasema ukweli hata kama unaniuma: ilikuwa furaha kuwatazama. Mpira ulitoka mbali kule, ukapanda hadi ukapotea machoni, ukashuka karibu na kibendera kama umetumwa. Kila ulipotua, Mzee alisema, "Ee!" kwa sauti nzima.

Lakini nilikuwa nachunguza jambo moja. Hakuna mpira hata mmoja ulioanguka bwawani. Hata wa aliyeshika mkia. Kijana mmoja alipomaliza nilimfuata, nikamkaribisha chai ya chupa yangu, nikamuuliza, "Hebu niambie mwanangu, hilo bwawa limekusumbua vipi?"

Akageuka kutazama. "Bwawa gani, mama?"

Si kwamba hakuliona. Alilivuka akienda zake. Ila kama kitu cha kumtia hofu halikuwahi kuingia kichwani mwake. Akanieleza kwamba kwao maji ya chini hayana kazi, kwa sababu mipira yao inapita juu. Kinachowakosesha usingizi ni miinuko midogo ya grini yenyewe na ugumu wa ardhi pale mpira unapotua, mambo ambayo uwanja wetu wa zamani ulikuwa nayo tele na msanifu akayasawazisha.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa, hilo nalijua tangu utotoni. Lakini hapa mwenye shibe hakuwa ameomba chochote! Tulikuwa tumechimba shimo la kuwatisha watu ambao hawakulihisi, na waliobaki kutumbukia ndani ni sisi wenyewe tulioinua mikono. Nilimtafuta mwenyekiti nimwambie, lakini alikuwa anapigwa picha darajani.

Jumamosi iliyofuata tulifungua uwanja kwa wanachama. Mzee alicheza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mashimo ya mchanga tuliyazunguka, tukapanda vilima vile vya grini kwa subira, na matusi yakarudi. Kwenye shimo la nane alinisimulia kisa kizima cha mkulima mmoja wa Kianyaga aliyeloweka kahawa ili iwe nzito kwenye mizani, kisa nilichokwisha kukisikia mara nyingi sana, na nilimwomba akirudie. Kisha tukafika la tisa.

Akapiga. Mpira ukabingirika, ukateremka ukingoni, chubwi. Akatoa mwingine. Chubwi. Nilimwona akijikaza, akiuinua mkono ule mmoja juu kuliko unavyoweza, akitafuta namna ya kuufanya mpira uruke, na mpira haukuruka. Mipira yake ikaisha. Akaninyooshea mkono bila kunitazama, nikampa yangu, mmoja mmoja, na huku nyuma watu wamesimama wakingoja zamu yao. Mtu mmoja akakohoa.

Mwenyekiti akanijia polepole. Alikuwa na nia njema, na hiyo ndiyo inayonikera mpaka leo, maana mtu mwenye nia njema huwezi hata kumpiga.

"Mama," akanong'ona, "si umwambie Mzee abebe tu mpira aweke ng'ambo. Hatuhesabu. Sisi ni watu wa nyumbani."

Aliyepata kiharusi si kiziwi. Mzee aliirudisha fimbo kwenye mfuko, akahangaika na zipu kwa mkono mmoja na hakutaka nimsaidie. "Twende," akasema.

Hakurudi. Nilimwambia tucheze mashimo manane tuishie hapo, akaniangalia kama mtu aliyeambiwa aende kanisani na atoke kabla ya baraka. Nilikwenda kwa kamati kuomba wafukie kipande kidogo tu cha bwawa, upana wa mkokoteni, mpira upate pa kupita. Wakasema wageni watarudi, na bwawa ndilo sura ya klabu. Wageni hawakurudi. Mashindano yalienda kwenye klabu yenye mashimo kumi na manane, jambo ambalo hata mbuzi angetuambia. Na bwawa wakalichapisha kwenye kalenda.

Miezi ile sitaki kuieleza sana. Mzee alihamia kwenye kiti cha dirishani. Nikimuuliza atakula nini, anainua bega. Wajukuu wakipiga simu, anawasikiliza, kisha ananirudishia simu. Asubuhi moja nilikwenda kumwinua aende kuoga nikakuta mguu ule wa kulia hausaidii hata kidogo, na ule wa kushoto nao umeanza kusahau kazi yake. Nilimrudisha kitini. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba ninamzika mtu akiwa bado anakunywa chai.

Na mimi nikiogopa, nakasirika. Nilitoka nje nikamfungua ng'ombe pale alipofungwa kamba kwenye kipande cha shamba tulichovuna viazi. Alikuwa ameshakata nyasi zote fupi na kuacha kinyesi huku na huku. Nikakizoa. Nikafukia mkebe wa rangi kwenye udongo, mdomo juu, nikachomeka kijiti cha maharagwe chenye kitambaa chekundu. Kisha nikarudi ndani, nikamwinua Mzee kwa nguvu zangu zote, nikamtoa, hatua kwa hatua, na njia nzima ninagomba. Nilimgombeza yeye, nikaigombeza kamati, nikaligombeza na lile koti la harusi za watu. Nikamsimamisha, nikamshikisha fimbo, nikaweka mpira mbele yake.

"Piga."

Akauweka sawa mguu wa kushoto. Akapiga. Mpira ukabingirika ukapita kwenye nyasi zile fupi, taratibu, ukafika mkebeni, ukaingia. Ulilia ndani ya bati. Nikapiga makofi kama mwendawazimu.

Mzee hakupiga makofi. Alitazama kijiti, akatazama kitambaa, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi. Mdomo ukaanza kuhangaika.

"Nani," akasema. "Nani amechora... upuzi huu?"

"Mimi!"

"Rahisi mno. Hata huyu ng'ombe... angeingiza." Akainua fimbo, akaelekeza zizini. "Shimo lipeleke kule nyuma. Na hapa katikati, chimba."

Sijui nilisema nini, ila jirani alitokeza kichwa juu ya ua kuona kama kuna mwizi. Nilimwambia mume wangu kwamba hana shukrani, hana haya, kwamba shimo lililochimbwa na watu wengine lilimlaza kitini miezi mizima na sasa anataka nimchimbie lingine kwa mikono yangu mimi. Nilipiga kelele mpaka machozi yakanitoka. Alinisubiri nimalize. Kisha akaniacha pale, akaburuta mguu wake mwenyewe mpaka pale alipopataka, akapachora ardhini kwa ncha ya fimbo.

Nilikwenda nikachukua jembe.

"Kina kiasi gani?" nikamuuliza.

Akafikiri, akipima kwa macho kutoka pale mpaka miguuni pake.

"Kiasi," akasema. "Nikiingia, niweze kutoka."